Picha 72 za baba na mashine iliyojifanya fundi

Baba alikaa kwenye kochi lake mtaani Umoja, Nairobi, kikombe cha chai mkononi, nikampiga picha 72 kwa simu bila kumwambia atulie. Kiatu, goti, redio, kitambaa alichofuma mama, mkono wa kulia mara tatu. Nilitaka kuunga picha nyingi ziwe moja kama David Hockney, yule mchoraji Mwingereza aliyeanza kuunga Polaroid, zile picha zinazotoka kwenye kamera papo hapo, mwaka 1982, kisha Aprili 1986 akaipiga barabara ya jangwani California, Pearblossom Highway, kwa vipande zaidi ya 700. Wazo lenyewe lilitoka kwa wachoraji akina Picasso na Braque: kitu kionekane kutoka pande kadhaa kwa mpigo. Mimi lilinifaa kwa sababu baba hajui kukaa tuli.

Duka la kuchapisha picha nililoenda ni la ghorofani, katikati ya jiji. Saizi ya inchi 4 kwa 6, shilingi 30 kila moja, jumla 2,160. Dakika arobaini nikawa nimemaliza. Hapo sina neno.

Balaa niliiona nilipozitandaza sakafuni. Mashine ilikuwa imerekebisha kila picha kivyake. Ukuta wa sebule ni mmoja, rangi ya krimu, lakini ulitoka buluu karibu na dirisha, manjano karibu na taa, na nyuma ya sweta nyeusi ya baba ulifubaa kabisa. Picha moja moja zilipendeza. Ukiziunga, ni gauni lililoshonwa kwa masalio ya kitenge. Tena picha za simu yangu ni pana kidogo kuliko karatasi ile kwa upande mfupi, kwa hiyo mashine ilikata kingo, na vidole vya baba vikaishia kwenye fundo.

Nikarudi. Kijana wa kaunta akasema, "Anti, hiyo mashine hujirekebishia yenyewe. Ungesema mapema." Ningesemaje kitu nisichokijua? Hata hivyo alizima marekebisho, akaacha ukingo mweupe ili picha iingie nzima, akanitoza nusu bei. Nililipa huku nimenuna.

Awamu ya pili ilitoka vizuri. Tofauti ndogo za mwanga zilizobaki ni kosa langu: ningebonyeza skrini ya simu kwa muda mpaka ishikilie kiwango kimoja cha mwanga kabla ya kuanza. Na ukienda, omba karatasi isiyong'aa, maana vipande vinavyopandana huakisi taa kila kimoja upande wake. Gamu ya maji nayo ilinikunjia pembe. Selotepu ya pande mbili ndiyo iliyoniokoa.

Baba aliikagua kadibodi niliyobandikia picha kwa muda mrefu, kijiti cha meno mdomoni.

"Hapa chai imejaa, hapa nimeshaimaliza," akasema. "Sasa huyu wa katikati anakunywa nini?"

Duka hili nalipatia nyota tatu. Nitarudi, ila si Jumamosi mchana, foleni hufika kwenye ngazi.