Nimemaliza Love Tractor, na trekta bado linanguruma kichwani

Jana nimeimaliza saa nane usiku na leo kutwa nzima kazini mawazo yako kulekule, kwa hiyo acha niandike tu vyote nilivyonavyo moyoni. Love Tractor ni tamthilia ya Kikorea ya 2023, ni BL, yaani mapenzi ya wanaume wawili, vipindi 8 tu na kila kimoja nusu saa haifiki, mtu mwenye bando anaimaliza kwa siku moja. Mimi nilijizuia nikaila siku tatu, sikutaka iishe.

Stori yenyewe: Sun Yul, aliyeigizwa na Do Won, ni mwanafunzi wa sheria kutoka Seoul, yule kijana ambaye ukoo mzima unamtolea mfano, kumbe mwenyewe amechoka mpaka basi. Anafungasha anaenda kijijini kwenye nyumba ya babu yake. Huko anakutana na Ye Chan, huyu ni Yoon Do Jin, kijana mkulima mwenye trekta lake na kicheko cha mtu asiyejua kuficha kitu. Ndo hivyo tu. Hakuna bosi tajiri, hakuna ajali ya gari mtu akaamka hakumbuki jina lake, ni kijiji na watu wawili. Kwa Kikorea jina la tamthilia ni kama kusema trekta limepakia mapenzi, na mimi nalipenda hilo kuliko la Kiingereza, maana trekta kijijini ndo kazi yake, kupakia na kufikisha.

Sasa niseme kilichonishika hasa. Mimi nimekulia Lushoto kwa bibi kabla sijaja Dar, na kule mapenzi nimeyaona yanaanza mara nyingi lakini sijawahi kuona yanaanza kwa maneno. Mama yangu mdogo aliolewa na kaka mmoja wa mtaa wa pili ambaye kwa miezi na miezi alikuwa anapita asubuhi sana, kabla hata ukungu haujaondoka, anaacha kiroba cha karoti pale mlangoni kimefungwa kwa kamba ya mgomba, karoti bado zina udongo mbichi, halafu huyo anaenda zake. Bibi anakiingiza ndani bila kuuliza kimetoka wapi, na mama mdogo ndo anaziosha, na mimi nilikuwa namwona anavyoziosha taratibu, moja moja, kama vyombo vya wageni. Nilikuwa mdogo lakini nilijua pale kuna kitu. Sasa Ye Chan ndo mtu wa namna ile ile. Anampenda Sun Yul kwa kuwepo karibu, anapita, anarudi, anatafuta sababu ya kupita tena, na mapenzi yake yote unayaona usoni kabla hajafungua mdomo. Do Jin amecheza vizuri sana hapo jamani, ile furaha yake haichoshi, ni furaha ya mtu anayejua ardhi yake na anajua kesho ataamka afanye nini, na ndo maana Sun Yul ambaye kasoma kote huko lakini hajui kesho yake anavutika kwake. Hilo ndo lililonifanya niipende hii tamthilia kuliko nyingine nyingi. Kwamba mwenye elimu kubwa ndo anapokea, na mkulima ndo ana cha kutoa, na hakuna mahali nilipoona mkulima anafanywa mshamba wa kuchekwa.

Na kuna kitu nilikuja kukielewa baadaye baada ya kusomasoma habari za Korea. Vijijini kwao vijana wameisha. Takwimu zao za 2023 zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wa kaya za wakulima wana miaka 65 kwenda juu, na mwaka huohuo kiwango cha uzazi nchi nzima kilikuwa 0.72, yaani kila mwanamke kwa wastani hafikishi hata mtoto mmoja, chini kabisa duniani. Wana hata neno lao, gwinong, la watu wa mjini wanaorudi kulima. Sasa ukilijua hilo halafu ukarudi kumwangalia Ye Chan juu ya trekta, unaona mtu mwingine kabisa. Kijana wa umri ule kwenye kijiji cha vile ni mboni ya jicho la wazee wote, na kumpenda kijana wa Seoul ambaye muda wowote anaweza kupanda basi akaondoka ni kujiweka rehani kweli. Presha ya stori yote iko hapo, huyu ana mizizi na yule hana, na mimi kuanzia katikati moyo ulikuwa juu kila nikiwaza Sun Yul atafungasha lini.

Wengine mtakuwa mmeona To My Star 2 ya 2022, ile ya Son Woo-hyun na Kim Kang-min, na yenyewe inatoka mjini inaenda kijijini, mpishi Ji Woo kamwacha mwenzake bila maelezo na huyo mwenzake anamfuata mpaka huko. Nzuri sana, ila ile inauma, kijiji pale ni mahali pa kujificha. Ukiwa na moyo mzito usianze na ile, anza na hii ya trekta, hewa yake ni nyepesi na jua lipo.

Kasoro zipo na nitazisema. Ya kwanza ni ufupi. BL za Kikorea tangu Where Your Eyes Linger ya 2020 nyingi zimekuwa za vipindi vichache vifupi, na pesa ya kutengenezea inaonekana si nyingi, na hapa ufupi umewaumiza, kuna mahali mtu anapewa jeraha zito la moyoni halafu kipindi kinachofuata ni kama limeshapona, sikuridhika. Mtu aliyebanwa miaka yote hapumui kwa wiki mbili. Wangeongeza hata vipindi 4 tu.

Ya pili, shamba lenyewe nimelikosa. Nilitaka kuona kilimo zaidi, jasho, mgongo unaouma, mtu anaangalia mawingu kwa wasiwasi. Trekta ni zuri lakini mimi niliyewahi kupalilia najua mkulima jioni anakuwaje, na Ye Chan jioni bado anang'aa. Ukikaa hivyo na mtu anayelima, ukaona mikono yake imechanika, mapenzi yanakuwa na uzito mwingine.

Ya tatu si kosa la tamthilia, ni la apu niliyoangalizia. Wakorea mwanaume mdogo akimwita mwanaume aliyemzidi umri anasema hyung, sawa na sisi tunavyosema kaka, na mtu akianza kukuita hivyo ujue kuna ukuta umeshuka. Sasa mimi naisikia kwa masikio yangu hyung, halafu chini wameandika jina la mtu! Wamefuta kabisa ule utamu. Kiswahili kingeibeba hiyo bila shida yoyote, kaka ni kaka, sisi hatuwezi kumwita aliyetuzidi jina kavu hivyo. Mtu akija kuiwekea tafsiri ya Kiswahili naomba sana hilo asiliache. Na maandishi yenyewe kuanzia kipindi cha tano yalikuwa yanachelewa, mtu ameshanyamaza ndo maneno yanakuja. Nililipia mwezi mzima, inaumiza.

Halafu kuna hili. Korea Kusini ndoa ya watu wa jinsia moja haitambuliki kisheria, ingawa Julai 2024 Mahakama yao ya Juu ilikubali mwenza wa jinsia moja aingizwe kwenye bima ya afya ya mwenzake. BL nyingi hazigusi hayo, zinajenga dunia ambayo wawili wanapendana na barua ya serikali haifiki pale. Zamani lilikuwa linanikera. Kwa hii sikukereka, nafikiri kwa sababu ni kijiji, na kijijini nimeona watu wanajua mambo mengi sana ambayo hawayasemi, wanakuletea tu mboga zako kama kawaida. Hapa kwetu na mimi naangalia hedifoni masikioni, haya si ya kuweka sebuleni.

Mdogo wangu tunalala chumba kimoja, juzi akanikuta nimeinamia simu nafuta macho, akauliza nani kafa. Nikamwambia hakuna, njoo uone. Nikampa hedifoni moja, moja nikabaki nayo, nikarudisha mpaka kipindi cha kwanza, Seoul, kabla ya kijiji. Alikaa kimya muda mrefu. Aliposikia mngurumo ndo akanigusa bega, "Dada, huyo ndo mwenyewe?" Nikamwambia ndo huyo, angalia.