Meza ya ruta: tathmini baada ya miezi sita katika karakana ya Nyakato

Kwa miaka mingi nilichonga kingo za milango ya paneli kwa kushika mkononi ruta, yaani mashine ya umeme ya kuchonga mbao, na seremala yeyote aliyezoea mninga anajua jinsi mikono inavyochoka kabla mlango wa tatu haujakamilika. Miezi sita iliyopita nilinunua meza ya ruta katika duka moja la vifaa hapa Mwanza, nikaifunga katika karakana yetu ya Nyakato.

Kuunganisha miguu na ukingo wa kuongozea ubao kulimalizika asubuhi moja. Kazi hasa ilikuwa kwenye bamba la alumini linalobeba ruta. Nilipolaza rula ya chuma juu ya meza, niliona mwanga ukipenya chini yake, kwa kuwa upande mmoja wa bamba ulikuwa umezama kiasi cha unene wa karatasi mbili. Kasoro hiyo haionekani kwa macho, lakini ubao ukifika hapo hujikwaa, na alama inayobaki huhitaji msasa mwingi kuiondoa. Nilizungusha skrubu za pembeni, robo mzunguko kila mara, hadi mwanga ukatoweka. Meza isiyo na skrubu hizo nisingeinunua.

Uso wa meza ni wa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) iliyofunikwa kwa plastiki, nao umenyooka vizuri. Kingo, hata hivyo, zilikuwa wazi, na MDF ikinyonya maji huvimba wala hairudi ilivyokuwa. Kwa kuwa karakana yetu ina upande usio na ukuta na upepo wa ziwani huingiza mvua ndani, nilizipaka vanishi mara tatu.

Katika kuchonga, meza hii imenifurahisha sana. Ruta ikiwa imegeuzwa chini ya meza, biti, yaani kisu chake, huzunguka kinyume cha saa ukiitazama kutoka juu, na ndiyo maana ubao husukumwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ukisukuma upande mwingine, biti huunyakua ubao, na vidole vinaweza kufuata. Mninga nauchonga kwa awamu, milimita 3 au pungufu kila awamu, nikianza na ncha za ubao na kumalizia na urefu wake, ili pembe iliyomeguka isafishwe na awamu ya mwisho. Biti kubwa ya paneli, yenye kipenyo kinachozidi milimita 50, naiendesha kwa mizunguko 10,000 hadi 12,000 kwa dakika, kwani kasi ya juu zaidi ni hatari.

Lawama yangu ni moja, nayo ni nzito: swichi. Siku moja umeme ulikatika katikati ya kazi, na kijana ninayemfundisha akaona huo ndio wasaa wa kubadilisha biti. Spana ilikuwa tayari kwenye koleti, kibano kinachoshika biti, nilipomwambia, "Mwanangu, chomoa waya kwanza." Akauchomoa. Haukupita muda taa zikawaka, na swichi ya meza ilikuwa bado iko upande wa kuwasha. Wiki hiyo hiyo niliibadilisha kwa swichi ya usalama, ile inayojizima umeme unapokatika na isiyowaka tena hadi ibonyezwe. Anayetaka meza hii aijumlishe gharama ya swichi hiyo katika bei, na aende dukani na rula yake ya chuma.