QIAamp DNA Mini kwa uzamivu Moshi na Arusha: boksi zuri, mtego uko kwenye ethanoli

Anayeanza uzamivu wa baiokemia au tiba ya molekuli, awe mlimani KCMC Moshi au Tengeru kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, hukutana na boksi hili la QIAGEN la kutolea DNA mapema sana. Msimamizi ataliandika kwenye bajeti kwa mazoea tu, na mwanafunzi ataligundua thamani yake siku DNA inapokosekana. Tathmini yetu kwa kifupi: kwa damu nzima inayokwenda kusomwa mpangilio wa jeni, bei yake ni halali. Kwa matone elfu moja ya damu iliyokaushwa kwenye karatasi, ya kuchunguza malaria, ni pesa za utafiti kumwagwa mchangani.

Boksi dogo lina kolamu 50 (vichujio vidogo vyenye utando wa silika unaoshika DNA), kubwa 250. Ndani mna bafa, yaani vimiminika vya kazi: ATL na AL za kupasua seli, AW1 na AW2 za kuosha, na AE ya kutolea DNA; pia proteinasi K, kimeng'enya cha kuvunja protini, na tyubu za kukusanyia maji machafu. Ethanoli haimo. Tyubu za mililita 1.5 za kupokelea DNA hazimo, wala tipu zenye chujio. Bajeti inayosahau vitu hivi vitatu hukwama wiki ya kwanza, na ethanoli ndiyo inayoumiza zaidi.

Kazi yenyewe si ngumu. Weka mikrolita 20 za proteinasi K chini ya tyubu, ongeza damu mikrolita 200, kisha AL mikrolita 200. Tikisa kwa voteksi sekunde 15, pasha nyuzi 56 kwa dakika 10. Usichanganye proteinasi K na AL moja kwa moja kabla ya damu kuingia. Kimeng'enya kitaharibika kabla hakijafanya kazi. Ongeza ethanoli mikrolita 200, tikisa tena, mimina yote kwenye kolamu bila kulowesha ukingo, zungusha kwenye sentrifuji kwa 6,000 × g (mara 6,000 ya mvutano wa dunia) dakika moja. Osha kwa AW1 mikrolita 500 kwa nguvu hiyohiyo, halafu AW2 mikrolita 500 kwa kasi ya juu kabisa dakika tatu. Hamishia kolamu kwenye tyubu safi, zungusha dakika moja zaidi ikauke. Ihamishie kwenye tyubu ya mililita 1.5, weka AE mikrolita 200, subiri dakika moja (tano ni bora zaidi), zungusha. Damu ya mtu mzima mwenye afya hutoa mikrogramu 3 hadi 12 za DNA.

Sasa ethanoli. Guanidini iliyomo kwenye AL huifanya DNA ing'ang'anie utando wa silika, lakini haiwezi peke yake. Ukipiga hesabu, mchanganyiko unaomiminwa kwenye kolamu ni mikrolita 620, na ukitumia ethanoli ya asilimia 96 hadi 100, theluthi moja hivi ya mchanganyiko inakuwa ethanoli. Ukitumia ile ya asilimia 70 ya kusafishia meza, inashuka chini ya asilimia 23 na sehemu ya DNA inapita moja kwa moja kwenye uchafu. Balaa kubwa zaidi liko kwenye AW2. Chupa yake kwenye boksi la 50 huja na mililita 13, nawe unaongeza mililita 30 za ethanoli. Hapo unapata kioevu cha asilimia 70 hivi, kinachoondoa chumvi na kuiacha DNA mahali pake. Ongeza mililita 30 za ile ya asilimia 70 na utabaki na asilimia 49, kioevu kinachoweza kung'oa DNA kwenye utando na kuipeleka kwenye tyubu ya uchafu. Hakuna rangi wala harufu ya kukushtua. Mashine ya kupimia ndiyo itakayokuambia, na kolamu 24 zimeshakwenda.

Kwa hiyo ile spiriti ya zambarau ya dukani iache iwashe majiko. Nunua ethanoli halisi ya maabara kwa muuza vifaa vya maabara, chupa ndogo ndogo, maana chupa kubwa inayofunguliwa kila siku hunyonya unyevu wa hewa. AW1 nayo huja nzito: mililita 19, unaongeza 25. Juu ya lebo kuna kisanduku cha kuweka alama ukishaongeza. Kiweke alama, andika na tarehe. Maabara nyingi hutumia boksi moja watu watatu, na chupa isiyo na alama huongezwa ethanoli mara mbili au isiongezwe kabisa.

Kuna kosa jingine la kimya kwenye sentrifuji. Maelekezo ya boksi hutaja mizunguko 8,000 kwa dakika sambamba na 6,000 × g, lakini hiyo ni kwa rota ya nusu kipenyo cha sentimita 8.4 hivi. Kwenye rota ndogo ya sentimita 6, mizunguko 8,000 hutoa kama 4,300 × g tu. Unahitaji karibu 9,460. Damu nzito ikibaki juu ya utando, watu hulaumu kolamu. Pima rota kwa rula kwanza.

Umeme ukikatika katikati, usihangaike kama uko kwenye nyuzi 56. Kuchelewa pale hakuharibu. Ukikatika wakati wa AW2, acha mfuniko umefungwa, na umeme ukirudi anza upya zile dakika tatu. Anayeruka hatua hiyo atabeba ethanoli hadi kwenye PCR (hatua ya kuzidisha nakala za DNA) na PCR itakataa. UPS ndogo ya kompyuta itashika hita, lakini mota ya sentrifuji usiitegemee humo.

Asubuhi za Juni na Julai, hasa Tengeru, AL inaweza kuganda vipande vyeupe chini ya chupa. Haijaharibika. Ipashe nyuzi 56 hadi viyeyuke, tikisa, endelea. Na jiki, ambayo kila maabara inayo chini ya sinki, isikutane na AL wala AW1: guanidini na klorini hutoa gesi ya sumu. Maji ya hatua hizo yaweke chombo chake.

Chagua damu ya tyubu ya kifuniko cha zambarau, yaani yenye EDTA ya kuzuia damu isigande. Ile ya kijani huzuia kwa heparini, na heparini huzuia PCR. Ukipima usafi wa DNA kwa mwanga, uwiano wa 260/280 (mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 na 280) uwe karibu 1.8. Uwiano wa 260/230 ukiwa chini sana, mara nyingi ni guanidini iliyobaki, na dawa yake ni kuosha vizuri zaidi kundi linalofuata.

Tukirudi kwenye matone makavu. Boksi linayamudu: vipande vitatu vya milimita 3, ATL mikrolita 180 kwa nyuzi 85 dakika 10, proteinasi K kwa nyuzi 56 saa moja, AL kwa nyuzi 70 dakika 10, kisha ethanoli na kuendelea kama kawaida, ila mwisho AE ni mikrolita 150. DNA inayotoka ni safi lakini kidogo. Kwa mradi wa malaria wenye karatasi nyingi kutoka Mabogini na vijiji vya mashamba ya mpunga, chunguza kwanza kwa Chelex, resini ya kutolea DNA bila kolamu: loweka kwenye saponini (ya kupasua seli za damu) usiku kucha, chemsha na Chelex, tumia kwenye PCR. DNA ya Chelex haidumu vizuri frijini na ni ya nyuzi moja moja, ila kusema kuna kimelea au hakuna, inatosha. Zilizo na vimelea tu ndizo zipewe kolamu.

Kiasi cha kununua huwakosesha wengi. Washiriki 200 si kolamu 200. Rota ya nafasi 24 hubeba sampuli 23 na moja tupu ya kuangalia uchafuzi, kwa hiyo makundi 9 na kolamu 9 za tupu. Tenga 20 za kurudia na 10 za kujifunzia mkono. Jumla 239, yaani boksi moja la 250, si manne ya 50. Agiza lote kwa namba moja ya toleo, na uiandike kwenye daftari kabla boksi halijatupwa.