Viatu vya kuvulia kwa miguu Lamu: kipi ununue kabla ya fimbo

Kila anayetaka kuanza kuvua kwa nzi bandia huku Lamu huniuliza habari za fimbo. Fimbo haina maneno mengi: chukua namba 8 (namba hulinganisha fimbo na uzito wa mshipi) ya futi 9, mshipi wa namba hiyo hiyo uliotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto, na rili inayostahimili maji ya chumvi, basi. Utakachovaa miguuni ndicho kitakachoamua kama utashinda majini kwa saa tatu au utarudi ufukweni mapema ukichechemea.

Uvuvi huu ni wa kutembea. Maji yakianza kujaa juu ya fungu la mchanga, samaki hupanda nayo kutafuta chakula, nawe unawafuata polepole, maji magotini, macho mbele. Ndoana yenyewe, iliyofungwa manyoya na nyuzi ifanane na kamba mdogo wa baharini, ni nyepesi mno kurushika peke yake. Uzito unaorushwa ni wa mshipi. Kwa hiyo mshipi ni mnene, na wakati unangoja, mita kadhaa zake huwa zimelegea zinaelea kando ya magoti yako. Hapo ndipo kiatu cha mvuvi huyu kinapoachana na kiatu cha mtu anayetafuta pweza. Kitu chochote kinachochomoza kiatuni, iwe kamba, bizimu au mkia wa zipu, kitanasa mshipi, na kitaunasa wakati ule ule kolekole anapopita mbele yako.

Tena chini hapa hapafanani. Ras Kitau, upande wa kisiwa cha Manda, ni mchanga wa kutembea kwa raha. Ukiingia ule mkono wa bahari unaokwenda Takwa, ambako hata mashua hungoja maji yajae, unakuta tope la mikoko linalovuta mguu, na maganda ya chaza yanayokata kama wembe. Kwenye miamba kuna wale wanyama wa duara wa baharini wenye miiba mirefu myeusi. Kiatu kimoja hakiwezi yote kwa ukamilifu, lakini viko vinavyokaribia.

Nafasi ya kwanza naipa buti fupi za neopreni (mpira laini kama sponji) zenye zipu ubavuni, zile wanazovaa wapiga mbizi na vijana wa Malindi na Watamu wanaopeperuka juu ya maji kwa tiara. Zinabana mguu, kwa hiyo tope haliwezi kuzivua na mchanga hauingii kwa wingi. Hazina kamba. Lakini ziko za aina mbili, na wauzaji huzichanganya: za kuogelea, zenye soli laini kama soksi, na za kutembelea, zenye soli ngumu iliyopanda kidogo ubavuni na mbele ya vidole. Ikunje soli kwa mkono mmoja. Ikikunjika kama chapati, mrudishie mwenye duka. Kagua na zipu: ya plastiki ndiyo yako, kwa sababu ya chuma itashikana kwa chumvi usipoisuuza kila siku. Ipake nta ya mshumaa mara moja moja. Kuhusu saizi, vaa uone kwanza, ukiwa na soksi nyembamba. Kisigino kikicheza, mchanga utapata nafasi, na mchanga ndani ya kiatu kilicholowa huchubua kifundo mpaka damu itoke.

Nafasi ya pili ni raba za kamba za mitumba, na kwa mwenye pesa kidogo ndizo za kwanza. Mimi nilianza nazo, na nilivua nazo misimu miwili. Tafuta zenye soli nene isiyo na nyufa na kitambaa chepesi kinachotoa maji. Ngozi iache, ikilowa inakuwa nzito na ikikauka inakakamaa. Kabla hujaingia nazo majini, zipeleke kwa fundi wa viatu. Zangu za mwanzo sikuzipeleka, soli ikabanduka katikati ya tope, nikarudi na mguu mmoja mtupu. Nilipompelekea fundi akazigeuza na kuniambia, “Kaka, hiki kimeshikwa na gundi tu, na gundi haipatani na bahari.” Akazishona kuzunguka soli yote kwa uzi wa nailoni, akatoboa vitundu viwili vidogo ubavuni maji yapate kutoka. Kazi ya muda mfupi, na ikanifaa kuliko kununua jozi nyingine. Kamba nazo usiziache wazi: kata soksi kuukuu ncha zote mbili, ivute juu ya kiatu izifunike. Mshipi utateleza juu yake bila kunasa.

Buti maalumu za kuvulia, zile za kupanda juu ya kifundo zenye soli nene ya mpira, nimeziweka ya tatu, na najua wengi watanipinga. Ni bora kuliko zote kwenye miamba na chaza, sikatai. Ila ni ghali, kwa kawaida utaziagiza bila kuzijaribu, na anayeanza bado hajui kama atapenda zaidi mchanga au mikoko. Vua msimu mmoja wa kaskazi kwanza. Ukiziagiza, epuka zenye soli ya felti, yaani kitambaa kinene cha nyuzi zilizoshindiliwa: hizo ni za mawe yenye utelezi ya mito ya nchi za baridi, na chaza wetu watazichana.

Sandak za plastiki ni za nne. Hazishiki kutu na hazinywi maji. Lakini matundu yake hukaribisha changarawe na vipande vya chaza, na tope huzivua. Za Ras Kitau tu.

Sandali za mikanda na akala ni za mwisho katika zile ninazoweza kuzivumilia. Tairi la akala ni gumu kweli, miiba mingi haliwezi, ila misumari yake hula kutu na vidole viko wazi. Champali usizifikirie. Gambuti ni hatari: likijaa maji hulivui upesi wala huwezi kukimbia nalo, na siku za bamvua bahari hapa hupanda kiasi cha mita 3.

Sasa taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. Hakuna kiatu katika hivi kinachozuia mwiba wa taa kwa uhakika. Hujifukia mchangani, ukimkanyaga mgongoni anapiga kwa mkia, na mwiba una sumu. Kinga ni namna ya kutembea. Mzee mmoja wa Shela aliniona nikinyanyua miguu kama mpanda ngazi, akaniita: “Mwanangu, buruta. Mpe taa habari kuwa unakuja.” Buruta unyayo juu ya mchanga, taa ataondoka mwenyewe. Unyayo unaoburutwa hauna kishindo pia, na samaki husikia kishindo kabla hujamwona. Taa akikupiga mguuni, tumbukiza mguu katika maji ya moto yanayovumilika, yasizidi nyuzi 45, kuanzia nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia. Mwenzako ayapime hayo maji kwa mkono wake kwanza, maana mguu wenye maumivu hauhisi unapoungua.

Wa Malindi, orodha ni hiyo hiyo, ila ujue mipaka: ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari, iliyoanzishwa 1968, kuvua hakuruhusiwi. Na popote ulipo, usikanyage matumbawe yaliyo hai, hata kama soli yako inaweza.

Ukirudi nyumbani suuza viatu kwa maji baridi ya kisima au ya mfereji, vigeuze, vianike kivulini. Jua hukausha neopreni mpaka ikapasuka.

Na vikiwa vipya, usivipeleke Manda siku ya kwanza. Vivae ufukweni Shela maji yakipwa, vilowe, tembea nusu saa kwenye mchanga na maji. Panapowaka moto mguuni utapajua. Safari ijayo bandika plasta hapo kabla ya kupanda mashua.