"Anayeogopa sakafu akacheze bao"

Nianze na neno hilo la kwenye kichwa, maana mpaka leo limenikaa kooni. Lilitamkwa na mwalimu wa judo, mkanda mweusi kiunoni, mbele ya vijana wageni wapatao kumi, nilipomuuliza watafundishwa lini kuanguka. "Mzee, anayeogopa sakafu akacheze bao." Vijana wakubwa wakacheka. Haikupita robo saa, mpwa wangu alikuwa ameketi ukutani ameukumbatia mkono wake wa kulia, na picha ya eksirei usiku ule ikaonyesha ufa kwenye mfupa wa kigasha, juu kidogo ya kifundo, upande wa kidole gumba.

Hata hilo bao alilolitolea dharau lina adabu ya kufundishwa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna fundi wa Mji wa Kale, hapa Mombasa, anayemketisha mgeni mbele yake akamwambia "cheza" bila kumweleza namua ni nini, mtaji ni nini, na nyumba inalindwaje. Kwenye bao, kosa la mgeni linamla kete. Kwenye judo linamla mfupa.

Ukumbi wenyewe siutaji jina. Ni wa ghorofani, ng'ambo ya daraja la Nyali, na unafundisha karate, judo na ngumi chini ya paa moja. Saa na ada ziko kwenye bango lao, atakaye akasome. Mimi nawaandikia wanaotaka kuanza na hawajui waanze na mchezo gani, kwa sababu tulifika pale kwa swali hilo hilo.

Siku ile, baada ya Idi, kusi imeshaanza kuvuma, wageni walipangwa wawili wawili wakaonyeshwa o-goshi, mbwago wa nyonga. Sina ugomvi na o-goshi. Umo katika kundi la kwanza la mibwago ya Kodokan, chuo alichokianzisha Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882, na ni mbwago mpole kuliko mingi. Unaingiza nyonga yako chini ya nyonga ya mwenzako, unamzungushia mkono kiunoni, unakunjua magoti, naye anapita juu ya mgongo wako. Shida ni huko anakotua. Mtu ambaye hajafunzwa, mwili wake wenyewe humdanganya: akiona ardhi inakuja, ananyoosha mkono ili aizuie. Kiwiko kimekazwa, kiganja kimetangulia, uzito wote unashukia kifundo kimoja. Kifundo kikistahimili, nguvu inapanda mpaka kwenye mtulinga. Akianguka chali, shingo inalegea na kisogo kinagonga chini, na hilo ndilo linalotisha kuliko mkono.

Ndiyo maana ukemi, ufundi wa kuanguka, hutangulia mibwago yote. Wala hauhitaji miujiza. Mgeni analala chali, anakunja kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda wake, kisha anapiga mkeka kwa mikono yote miwili, kuanzia kiganja mpaka kigasha, mikono ikiwa mbali na mwili kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Ikiwa juu sana, usawa wa mabega, bega linaumia. Ikibana mbavuni, haifyonzi kitu. Anarudia mara ishirini, thelathini. Akishazoea anaanza kutoka kuketi, halafu kuchuchumaa, mwisho kusimama. Kisha ubavu wa kulia na wa kushoto, kisha kubingiria juu ya bega. Mwalimu makini hutumia vipindi vitatu vinne kwa haya kabla ya mgeni kubwagwa, na hata hapo humbwaga yeye mwenyewe, polepole, kwa sababu yeye anajua kushika mshono.

Kushika mshono ndiko nini? Anayebwaga hauachilii mkono wa joho la mwenzake. Anauvuta juu wakati mwenzake anashuka, na mvuto huo ndio unaomgeuza atue kwa ubavu, tena ndio unaokiweka kichwa chake mbali na sakafu. Kijana aliyembwaga mpwa wangu alikuwa na dakika arobaini tu za judo maishani mwake. Aliachilia mikono yote miwili kama anayetua gunia la nazi. Simlaumu hata chembe, naye hakuwa ameambiwa.

Halafu ile mikeka. Ni vile vipande vya mpira laini vinavyoshikana kwa meno, unene wa sentimita mbili, juu ya saruji tupu. Kwa karate vinatosha kabisa. Kwa kubwagana, sivyo: mikeka ya judo ina unene wa sentimita nne au tano na ni mizito, haitelezi. Vya pale vilikuwa vimeachana kwenye maungio, mwanya unaoweza kumeza kidole cha mguu, na kidole kikinaswa humo mtu akigeuka, kinavunjika. Kujua mkeka hakuhitaji utaalamu. Piga goti kwa uzito wako wote. Ukilisikia jiwe chini, hapo ni pa kurushia mateke tu.

Nilipoketi kuandika nilikuwa na neno moja tu: msiende. Lakini ingekuwa dhuluma kuishia hapo, kwa sababu kwenye pembe ya ukumbi ule ule, penye magunia ya ngumi, yuko kocha mtu mzima ambaye sijaona mfano wake kwa wanaoanza. Nilimtazama vipindi viwili kamili wakati wa kufuatilia turudishiwe fedha zetu za mwezi. Wageni wake hawapigi chochote wiki ya kwanza. Wanasimama. Mguu wa mbele, mguu wa nyuma, upana wa mabega, kisigino cha nyuma kimenyanyuka kidogo, kidevu chini, mikono mashavuni. Wanatembea hivyo mbele na nyuma, miguu haikutani wala haipishani, na anayesahau mkono wake wa nyuma anakumbushwa kwa kuguswa shavu kwa kitambaa, taratibu. Nchi iliyomtoa Robert Wangila, aliyeleta dhahabu ya ngumi kutoka Seoul mwaka 1988, bado ina makocha wanaojua kazi, na huyu ni mmoja wao.

Kufunga bandeji peke yake alikufundisha kwa nusu saa, na alistahili hiyo nusu saa. Bandeji ya mtu mzima ni mita nne na nusu. Kitanzi kinaingia kidole gumba, bandeji inapita nyuma ya mkono, inazunguka kifundo mara tatu, konzi, yale magumu yanayotokeza ukikunja ngumi, mara tatu, inapita katikati ya vidole kimoja baada ya kingine, inafunga gumba, inarudi kumalizia kifundoni. Vidole viwe vimepanuliwa wakati wote wa kufunga, la sivyo ukikunja ngumi damu haitembei na vidole vinakufa ganzi. Na pigo litue kwenye konzi mbili kubwa, ya kidole cha shahada na ya cha kati. Anayepiga kwa upande wa kidole cha mwisho huvunja mfupa mwembamba wa kiganja ulio chini yake, na ni jeraha la wageni kila mahali. Kupigana kwa mazoezi? Alimjibu kijana mmoja mwenye haraka kwamba hilo ni la baada ya miezi, glavu za aunsi 16, kinga ya meno mdomoni, na kwa watoto kichwa hakiguswi.

Kwa hiyo nikaanza kulainika. Nikasema, basi, kwa ngumi waende, kwa judo wasiende.

Karate yao nayo ni nzuri, nilisema kweli hata nilipokuwa nimekasirika. Ni Shotokan, mtindo wa Gichin Funakoshi, aliyeitoa karate Okinawa akaipeleka Tokyo mwaka 1922. Mgeni anaanza na msimamo, ngumi ya hatua, kuzuia, na kata ya kwanza, yaani mfululizo wa miondoko uliopangwa. Katika kupigana, pigo linasimamishwa kabla halijaumiza. Kijana mwoga au mwenye pupa anafaa kuanzia hapo, kwa sababu anajifunza kuutawala mwili wake kabla hajamgusa mtu. Ila akuambiaye "karate ni karate" muulize mtindo. Kyokushin wanapigana kwa mguso kamili, bila glavu, ngumi za uso zikikatazwa, na mzazi aliyetarajia Shotokan atashtuka. Taekwondo humfaa mwenye miguu myepesi. Hatari yake kwa mgeni ni kulazimisha teke la juu siku ya kwanza akachana msuli wa nyuma ya paja. Jujitsu ya Brazili ni ya chini kwa chini, kukaba na kupinda viungo, na somo lake la kwanza liwe kugonga: mkono ukipindwa, mgonge mwenzako mara mbili, naye aachilie hapo hapo. Wengi wanaoumia kwenye jujitsu waliona haya kugonga.

Ukiniuliza mimi, kwa aliyeanzia sifuri kabisa, judo ndiyo ningeiweka mbele ya yote. Watu wengi zaidi huanguka maishani kuliko wanaopigana, na anayejua kuanguka anajua jambo litakalomfaa mpaka uzeeni, akiteleza bafuni, akiruka kwenye tuktuk au akijikwaa kwenye mteremko wa feri. Ndiyo sababu hasira yangu haipoi. Yule bwana alichukua mchezo bora kwa mgeni akautoa roho yake, akabakisha kishindo.

Mambo ya mji wetu nayo. Joho la judo ni pamba nzito, na msimu wa masika halikauki kwa siku moja hata ulianike juu ya paa. Linalovaliwa likiwa na unyevu huleta choa, na choa cha mmoja huhamia kwa kumi kupitia mikeka. Lifuliwe kila baada ya zoezi, mikeka ipigwe deki kila siku kwa dawa, kucha zikatwe, na asitoke mtu kwenda msalani bila ndara akarudi kukanyaga mkeka. Pale ukumbini niliona watu wakienda peku na kurudi. Kwa mgeni, fulana na suruali ya mazoezi vinatosha mwezi mzima wa karate au ngumi. Anayekulazimisha ununue sare na mkanda kabla hujatoka jasho anauza nguo.

Kuhusu kuinama mbele ya picha ya mwanzilishi, jambo linalowatatiza wazazi wengi wa Kiislamu, pale hawakukosea. Waliruhusu salamu ya mkono kifuani bila maneno, na wasichana wana saa yao na mwalimu wao wa kike, mapazia yakishushwa. Niliheshimu hilo. Mikanda pia hawaiuzi kiholela. Anayekuahidi mkanda mweusi ndani ya mwaka anakuibia, na pale hawaahidi hivyo.

Basi ni ukumbi mzuri? Nimeandika mistari hii nikajikuta nakaribia kusema ndiyo. Halafu nakumbuka mwenye ukumbi alivyonipokea nilipopanda na ile picha ya eksirei mkononi. Hakuiangalia. Alisema michezo ina majeraha, na kwamba tulipoweka sahihi tulikubali. Nilimweleza taratibu, kwa maneno niliyoyaandika hapa, kuhusu ukemi, kuhusu mshono, kuhusu sentimita mbili za mpira juu ya saruji. Akamwita yule mwalimu aje ajibu. Mwalimu akaja, akamtazama mtoto wa miaka 15 mwenye plasta mpaka chini ya kiwiko, akasema, "Huyu laini." Hakumpa pole. Pole haina bei, na hakuitoa.

Jeraha lingeweza kutokea hata kwa mwalimu mwema, nakubali. Kila anayecheza judo ana siku yake ya kubebwa. Lakini mwalimu mwema angemkimbilia, angeuegemeza mkono kwenye mto au mbao, angetafuta barafu, angesimamisha darasa akaeleza kilichokosewa ili wengine tisa wasikikosee. Huyu aliendelea kuhesabu kwa Kijapani.

Fedha za mwezi hazijarudi. Mikeka, nasikia, imesogezwa ikabanwa kwa utepe, ila ni ile ile. Mpwa wangu ananiuliza kila jioni plasta itatolewa lini arudi, kwa kocha yule wa ngumi, si kwingine. Asubuhi namwambia nitampeleka mwenyewe. Jioni nikikumbuka kile kicheko, namwambia hapana.