Sanskrini ya kununua kama kwenu kunavaliwa kanzu nyeupe

Kanzu ya Ijumaa ya mume wangu ilitoka kwenye beseni na doa la rangi ya chungwa shingoni, pale pale penye darizi. Nikamgombeza binti yangu bure, nikidhani ni hina. Nikaifua tena kwa klorini, doa likakolea likawa kama kutu ya msumari. Kumbe ni sanskrini, krimu ya kukinga jua, na niliyeinunua ni mimi. Mume wangu huvuka kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, kwa boti kila siku, shingo ikawa inambabuka, nikamwonea huruma.

Wauzaji wote watakuambia habari za SPF, ile namba ya kipimo cha kinga ya jua. Hilo lisikuumize kichwa: SPF 30 huzuia kiasi cha asilimia 97 ya miale ya UVB, ile inayobabua ngozi, na SPF 50 asilimia 98. Chukua yoyote kati ya hizo. Wasilolisema ni kiungo kiitwacho avobenzone. Kwenye boksi mara nyingi huandikwa Butyl Methoxydibenzoylmethane, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Kazi yake ni nzuri, huzuia miale ya UVA inayozidisha madoa meusi usoni. Lakini ikishika nguo, kisha nguo ile ifuliwe kwa maji yenye madini ya chuma, huacha doa la rangi ya kutu. Sisi tunaofua kwa maji ya kisima, au yaliyolala kwenye tangi lililoshika kutu, tumo hatarini kila wiki. Na klorini ndiyo huligandisha doa.

Kwa hiyo ninapozipanga sanskrini, naanza kwa kutazama kama zina avobenzone.

Ya kwanza kwangu, na sioni haya kuipigia debe, ni Relief Sun ya Beauty of Joseon, ile ya mchele inayotengenezwa Korea. Ni SPF 50+ na PA++++, alama hizo za kujumlisha zikiwa kipimo cha kinga ya UVA, na haina avobenzone. Usoni huingia kama losheni ya kawaida. Haikuachi na weupe wa majivu, na ukingo wa mtandio hubaki safi. Naipaka vidole viwili vilivyojaa, uso na shingo, na nikikaa juani narudia kila baada ya saa mbili. Kwenye boti, mawimbi yakikurushia maji, itatoka, basi rudia mapema. Tyubu ni ya mililita 50, haidumu. Feki zake nazo ni nyingi, kwa hiyo usinunue tyubu isiyo na boksi.

Ya pili ni yoyote ya zinki, ule unga mweupe wa madini unaokinga jua, iliyotiwa rangi ya ngozi. Rangi ile hutokana na oksidi za chuma, na hizo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoyakoleza madoa ya ujauzito. Mwenye madoa hayo aiweke hii mbele ya ile yangu. Zinki isiyotiwa rangi itakuchora shingo ya buibui kama chaki.

Ya tatu ni zenye avobenzone. Zivae na nguo za giza. Kama doa limeshaingia, kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, anika juani nusu saa, suuza, ndipo utie sabuni.

Za bei ya chini zisizo na alama ya PA wala UVA, ziache. Mafuta ya nazi ni ya nywele na ngozi kavu, si ya kuzuia jua.

Sasa niseme lililonikera. Ile tyubu iliyoitia doa kanzu niliichukua duka ambalo huzipanga dirishani, kwenye kioo kinachopigwa na jua tangu asubuhi hadi alasiri. Joto huiharibu sanskrini, na ile ilitoka imejitenga, maji mbele, uji nyuma. Niliporudi nayo muuzaji akaniambia, "Mama, hizi ni za wageni, nyinyi ngozi yenu haihitaji." Pesa zangu alizipokea bila kuuliza ngozi. Na bei ni ya mgeni aliyekuja wiki moja, ilhali sisi jua hili ni letu Januari hadi Disemba. Waziweke kabatini, kwenye kivuli, na tarehe ya kuisha ionekane bila kuiomba.

Kanzu nimeitia ndimu mara mbili. Doa limepungua, halijatoka. Mume wangu anaivaa nyumbani.