Mashine ya altrasaundi isiyo na rangi: je, yatosha kupima moyo wa mtoto tumboni?

Mashine tunayoikagua ni ile ya kubebeka, umbo la laptop, picha nyeusi na nyeupe, yenye probu (kichwa kinachopitishwa juu ya tumbo la mama) moja iliyopinda ya 3.5 MHz. Ndiyo inayofaa mfuko wa kliniki ndogo na vituo vya afya ngazi ya nne, kuanzia Kampala hadi Arua. Wauzaji huisifu kwa kuhesabu wiki za ujauzito na kuonyesha mtoto alivyolala. Swali letu ni jingine: inaweza kupima ukubwa wa moyo wa mtoto kiasi cha kuaminika? Inaweza. Kipimo kikiharibika, mara nyingi kosa liko kwenye mkato wa picha, yaani pembe ambayo probu inakata mwili wa mtoto, mashine haina hatia.

Kipimo hiki ni uwiano, yaani mzingo wa moyo ukigawanywa kwa mzingo wa kifua, na kina maana kubwa. Moyo uliovimba huonyesha kwamba kuna jambo linaloulemea: upungufu wa damu wa mtoto, kwa mfano kingamwili za mama mwenye damu ya kundi la Rh hasi zinaposhambulia damu ya mtoto, au baada ya maambukizi ya parvovirusi B19, mapigo ya kasi yanayopita 200 kwa dakika, au ya polepole yasiyofika 60, uvimbe wenye mishipa mingi kwenye kondo la nyuma, vali iliyokaa vibaya. Selimundu ambayo mtoto amerithi haimpunguzii damu akiwa bado tumboni, kwa sababu wakati huo anategemea hemoglobini ya kitoto. Kwa hiyo ukiona moyo mkubwa kwa mtoto wa wazazi wenye vinasaba vya selimundu, usitulie na maelezo hayo. Tafuta chanzo kingine.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza skeni moja kabla ya wiki 24. Bahati nzuri, kati ya wiki 18 na 24 ndipo moyo unapoonekana vizuri kwa probu ya kawaida. Baadaye mbavu hukomaa na kutupa vivuli juu ya moyo.

Upimaji wenyewe uko hivi. Anza na mkato wa tumbo la mtoto unaoonyesha mfuko wa chakula, kisha sogeza probu taratibu kuelekea kichwani, bila kuizungusha, mpaka vyumba vinne vya moyo vitokee. Simama hapo uhesabu mbavu. Mkato sahihi una ubavu mmoja mzima kila upande, na kifua ni mviringo. Ukiona vipande vya mbavu vitatu au vinne upande mmoja, umekata kimshazari. Kifua kitaonekana kirefu na uwiano wote utakuwa wa uongo. Mfuko wa chakula ukibaki kwenye picha hiyo hiyo ya moyo, tilia shaka mkato kwanza. Mkato ukinyooka na mfuko bado upo kifuani, hilo ni tatizo la mtoto, pengine tundu kwenye kiwambo kinachotenga kifua na tumbo.

Punguza kina na upana wa picha, kuza mpaka moyo ujaze angalau theluthi ya skrini, kisha gandisha. Sasa rudisha picha nyuma moja moja, utafute ile ambayo ventrikali (vyumba vya chini vya moyo) zimetanuka kabisa na vali kati ya vyumba vya juu na vya chini ndiyo kwanza zinafunga. Hapa ndipo mashine za bei rahisi hutofautiana. Moyo unaopiga mara 140 kwa dakika humaliza pigo moja kwa takriban sekunde 0.43. Mashine ikitoa picha 30 kwa sekunde, unapata karibu picha 13 za kila pigo. Ikishuka hadi 10, unabaki na nne tu, na ile unayoihitaji huenda haimo. Ndiyo sababu ya kubana kina na upana kabla ya kugandisha: kasi ya picha hupanda bila kulipia chochote. Zima pia ile kazi ya kulainisha picha kwa kuzichanganya, maana huufanya ukuta wa moyo uonekane mnene kuliko ulivyo.

Programu ya uzazi ya mashine hizi mara nyingi haina kipengele cha moyo. Haidhuru. Tumia duaradufu ya kawaida: zungushia moyo kwenye ukingo wake wa nje, kisha zungushia kifua kwenye ukingo wa nje wa mbavu, ukiiacha nje ngozi na mafuta. Chukua mizingo miwili ugawanye kwa kikokotoo cha simu. Moyo wa milimita 80 ndani ya kifua cha milimita 172 unatoa 0.47, na hapo hakuna tatizo. Uwiano ukifika 0.5 au kupita, rudia mara tatu kwenye mikato mitatu tofauti kabla ya kumwambia mama lolote.

Kosa la ngozi linafaa kutazamwa kwa karibu. Chukua moyo wenye kipenyo cha milimita 26 na kifua cha milimita 52: uwiano ni 0.50, wa kufuatilia. Ukijumuisha milimita 2 za ngozi kila upande, kifua kinakuwa 56 na uwiano unashuka hadi 0.46. Mtoto aliyepaswa kurudiwa anaandikiwa kuwa hana neno. Kwa watoto wa mama wenye kisukari, ambao ngozi na mafuta yao ni mazito, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Kosa la pili ni kubonyeza probu kwa nguvu mpaka kifua kikabanwa. La tatu ni kuhesabu maji yanayozunguka moyo kuwa sehemu ya moyo. Utando mwembamba wa maji usiozidi milimita 2 ni wa kawaida, na duaradufu ipite ndani yake. Kisha kuna wanaopima maeneo badala ya mizingo halafu wakatumia kikomo kilekile. Moyo huchukua takriban theluthi ya eneo la kifua au pungufu, kwa hiyo ripoti lazima iseme wazi kilichopimwa ni kipi.

Mgongo wa mtoto ukiwa juu, kivuli chake hufunika moyo. Mwombe mama atembee dakika 15 au 20, au alale ubavu, kisha rudia. Kulazimisha kipimo hapo ni kumdanganya yule mama anayemuuliza musawo (mhudumu wa afya) kama mtoto yuko salama.

Mashine hii ina mipaka yake. Haipimi kasi ya damu kwenye mshipa wa ubongo wa mtoto, kipimo kinachosaidia kutambua upungufu wa damu, wala haionyeshi vali inayovuja. Pia haijui kama moyo ni mkubwa au kifua ndicho kidogo. Hilo ni la mpimaji, atazame mapafu, kiasi cha maji ya uzazi na urefu wa mifupa. Uwiano ukibaki juu, mama apewe rufaa pamoja na picha zilizogandishwa na namba zake, si maneno matupu. Wataalamu wa moyo wa watoto wapo Uganda Heart Institute, Mulago.

Zile probu za kuchomeka kwenye simu tunaziweka nafasi ya pili kwa kazi hii. Ni nyepesi na zinabebeka kwenye boda boda, lakini baadhi hudai malipo ya kila mwaka, hupata joto na kujizima katikati ya kazi, na skrini ya simu ni ndogo kwa kuweka duaradufu sawasawa.

Ukinunua mashine iliyotumika, hakikisha betri inashika chaji umeme ukikatika, kisha paka jeli kidogo kwenye probu na uburute klipu ya karatasi polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kila inapogusa, mstari mweupe hutokea kwenye skrini na kusogea nayo. Tazama pia kama mpira wa probu una nyufa, kwa sababu spiriti ya kusafishia huukausha na kuupasua. Ule mstari mweupe wa klipu ukipotea mahali fulani, sehemu hiyo ya probu imekufa na itaacha weusi juu ya ubavu uleule unaotaka kuuzungushia. Usilipe.